Songea: Pesa ya mikanda ya jipsamu inavujia kwenye ufa

Mtu mwenye mtaji mdogo anayeulizia mjini Songea aweke wapi fedha zake, siku hizi hakosi kuambiwa jipsamu. Nyumba zinaota Msamala, Mshangano, Ruhuwiko na Mjimwema, na mwenye nyumba wa leo hataki tena silingi bodi iliyobanwa kwa vibao vyembamba kama zile za miaka ya 1990. Anataka dari nyeupe iliyonyooka, na pale dari inapokutana na ukuta anataka mkanda wenye maua au mistari. Ushauri unaotolewa vijiweni ni mmoja: nunua kalibu tatu, nunua poda, tafuta vijana wawili, mimina mikanda, anika, subiri wateja.

Ushauri huo una kasoro moja kubwa. Kalibu haina siri. Anayeweza kununua moja leo, jirani yake anaweza kununua mbili kesho, na bidhaa ambayo kila mtu anaweza kuimimina uani kwake hushindaniwa kwa njia moja tu, yaani kushusha bei. Anayeshinda katika mashindano ya namna hiyo ni yule anayepunguza poda, anayepunguza katani na anayeuza mkanda kabla haujakauka. Kwa maneno mengine, anashinda anayeharibu bidhaa kwa haraka zaidi kuliko mwenzake.

Ukweli ni kwamba kinachokosekana Songea si mkanda. Kinachokosekana ni dari ambayo itamaliza mwaka wake wa kwanza bila kupasuka pembeni. Hapo ndipo penye fedha, na hapo ndipo wafanyabiashara wengi wanapopita bila hata kusalimia.

Jiwe la Kilwa, haraka ya Songea

Kwa asiyeijua biashara hii kwa karibu, mkanda wa jipsamu ni poda iliyokorogwa na maji, ikamiminwa kwenye kalibu iliyopakwa mafuta, ikatiwa nyuzi za katani au faiba ili isikatike kirahisi, ikaganda kwa muda usiozidi nusu saa, kisha ikachomolewa na kuanikwa. Poda yenyewe ni jasi, jiwe lile lile linalosagwa pamoja na klinka kutengeneza saruji. Jasi ikichomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi hupoteza sehemu kubwa ya maji yaliyofungwa ndani yake. Ikikutana na maji tena hurudi kuwa jiwe, na wakati wa kurudi hupanuka kidogo sana, ndiyo maana huingia kila pembe ya kalibu na kutoa ua lenye kingo kali.

Jasi si bidhaa ngeni kwa Tanzania. Ipo Makanya wilayani Same, ipo Itigi mkoani Singida, ipo Kilwa mkoani Lindi. Mwaka 2016 Serikali ilizuia jasi na makaa ya mawe kuagizwa kutoka nje, kwa hoja kwamba yaliyopo nchini yanatosha viwanda. Karatasi ngumu za jipsamu, zile za futi 4 kwa 8 zinazofungwa darini, hutengenezwa Mkuranga mkoani Pwani kwenye kiwanda cha Knauf, na nyingine huja kwa meli.

Wala urembo wa plasta si mambo ya jana katika nchi za Waswahili. Mafundi wa Lamu wa karne ya 18 walichonga zidaka na mistari ya urembo kutani kwa plasta ya chokaa ya matumbawe, chini ya boriti za mikoko, na kazi zao bado zinaonekana hadi leo. Wale walichoma chokaa, wakaizima kwa maji, wakaiacha ikomae ndipo wakaipaka. Songea imeuchukua urembo, subira ikabaki Lamu.

Lori linalobeba hewa

Kabla ya kufika kwenye ufa, lipo kosa moja la wazi linalofanywa na wenye mitaji, nalo ni kuagiza mikanda iliyokwisha miminwa Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni zaidi ya kilomita 900, na ndani ya kilomita hizo kuna kona za Kitonga na milima ya Lukumburu. Mkanda ni mrefu, mwembamba na una tumbo wazi nyuma. Lori hujaa kwa ujazo kabla ya kujaa kwa uzito, hivyo aliyelipia nauli ya mzigo amelipia kwa sehemu kubwa hewa. Halafu sehemu ya hewa hiyo hufika imevunjika.

Poda haivunjiki. Mfuko hukaa juu ya mfuko, na kila kilo iliyolipiwa nauli ni kilo itakayouzwa. Hivyo mwenye akili ya biashara hupandisha poda na kumimina mikanda Songea. Hata vipande vinavyovunjika kiwandani huwa vimevunjika mita chache kutoka kwenye ndoo, kabla ya kulipiwa nauli hata senti moja.

Upo pia mlango wa pili ambao wengi hawajauzoea. Tangu lami ilipokamilika kutoka Songea kupitia Namtumbo, Tunduru na Masasi hadi Mtwara, malori yanayobeba makaa ya mawe ya Mbinga kwenda bandari ya Mtwara yanapita mjini usiku na mchana, na lori lililoshusha makaa hutafuta mzigo wa kurudi nao. Kwa saruji ya Mtwara safari hiyo si ngeni. Kwa poda, anayetaka kuijaribu lazima kwanza apate muuzaji wa jumla upande wa pwani, na lazima awe na turubai jipya chini na juu, maana poda nyeupe na vumbi la makaa havikai pamoja.

Suala la ghala nalo linahitaji tahadhari. Poda ya jipsamu hunyonya unyevu kutoka hewani, na mvua za Songea huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Mfuko uliolala kwenye sakafu ya saruji mwezi Februari hugeuka mawe chini na uji juu. Mifuko ikae juu ya machaga, mbali na ukuta, na iliyoingia kwanza itoke kwanza. Anayenunua shehena kubwa mwezi Oktoba kwa sababu ya punguzo la bei ajue kwamba punguzo hilo ana miezi michache tu ya kulifaidi.

Ufa husema nani amekosea

Mwenye nyumba huona ufa mmoja tu, yaani ufa. Fundi mzoefu huona nyufa tofauti, na kila moja ina mwenyewe.

Ufa unaokatiza katikati ya dari kwa mstari ulionyooka ni wa maungio ya karatasi mbili za jipsamu. Hapo utepe wa nyuzi haukubandikwa, au ulibandikwa juu ya vumbi. Ni kosa la fundi, na ni rahisi kulirekebisha. Ufa kwenye kona, pale mikanda miwili inapokutana kwa mshazari, au pale mkanda unapoungana na mwenzake ukutani, maana yake ni kwamba mkanda ulibandikwa kwa madonge machache badala ya kupakwa mgongo mzima, na maungio yakasukumwa yakiwa makavu kisha yakafutwa juu juu kwa kidole. Hilo nalo ni la fundi.

Upo ufa mwembamba kama utando wa buibui ndani ya puti yenyewe. Huu una historia ndefu kidogo kwa Songea, kwa sababu nyumba nyingi za mji huu zinajengwa kwa tofali za kuchoma, na ukuta wa tofali za kuchoma, hata baada ya plasta, mara nyingi hauendi sawa na uzi. Mkanda ulionyooka ukiwekwa kwenye ukuta uliopinda huacha pengo nyuma yake, mahali pengine pengo la kuingiza kidole, mahali pengine vidole viwili. Fundi mwenye haraka hulijaza pengo lote kwa mkupuo mmoja wa puti ya rangi. Puti hiyo hukauka kwa kupoteza maji, na inapopoteza maji inasinyaa, kwa hiyo lazima ipasuke. Pengo la namna hiyo hujazwa kwanza kwa poda ya jipsamu iliyokorogwa nzito, ambayo haisinyai, na puti hufuata baadaye kama ngozi tu ya juu. Isitoshe, ukuta mkavu lazima unyunyiziwe maji kwanza, la sivyo unafyonza maji ya poda kabla haijaganda na kinachobaki ni unga unaomomonyoka ukiguswa.

Wapo mafundi wanaochanganya saruji nyeupe kwenye poda ili, kama wanavyosema, kuipa nguvu. Ni mchanganyiko mbaya. Saruji na jasi zikikaa pamoja penye unyevu zinaweza kujenga fuwele zinazovimba, na kinachovimba ndani ya pengo jembamba hukisukuma kilicho jirani. Kuna pia ndoo isiyooshwa. Mabaki ya poda iliyokwisha ganda yakiingia kwenye mchanganyiko mpya huuharakisha, fundi anajikuta na dakika nne badala ya kumi na tano, anaongeza maji ili ailainishe, na kuanzia hapo nguvu yote imepotea. Ndoo mbili na kitambaa ni mtaji mdogo mno kuhalalisha hasara ya namna hiyo.

Lakini ufa mkubwa, ule unaomfanya mwenye nyumba apige simu, si wowote kati ya hizo. Ni ule mrefu unaotembea juu ya ukuta, baina ya mkanda na plasta au baina ya mkanda na karatasi ya dari, ukizunguka chumba kizima kama mtu aliyeufuatisha kwa kisu. Ufa huo mara nyingi hauna uhusiano na fundi wala na poda. Ni ufa wa mbao.

Karatasi za jipsamu hufungwa kwenye mbao za 2 kwa 2 ambazo mafundi huziita blandaringi, nazo hupigiliwa chini ya kenchi. Songea inapata misonobari ya Njombe na Mafinga, na ya shamba la Wino lililo karibu zaidi. Ubao huo mara nyingi hufika sokoni ukiwa umepasuliwa siku chache zilizopita, mbichi kiasi kwamba msumari ukiingia maji yanachungulia. Mbao ikikauka haipungui urefu kwa kiasi cha kutia hofu, ila inapungua unene. Ubao wa 2 kwa 2, wenye milimita 50 hivi, ukitoka ubichi hadi ukavu wa ndani ya nyumba hupungua karibu milimita 2. Kenchi ya 2 kwa 4 iliyo juu yake, ikiwa nayo ni mbichi, hupungua karibu maradufu ya hapo. Upande wa chini wa ubao unapanda, karatasi ya dari inapanda nao, na mkanda ulioshikwa juu na dari na chini na ukuta lazima uachie mahali. Huachia mahali dhaifu, yaani kwenye puti.

Kalenda ya Songea inaongeza chumvi kwenye kidonda. Kazi nyingi za kumalizia nyumba huanza Mei na Juni, mvua zikiwa zimetoka kukatika, mbao zikiwa zimeloa. Halafu kiangazi chote jua linapiga bati na hewa ya juu ya dari inakuwa kama tanuri. Kufikia Oktoba mbao zimekauka na ufa umefunguka. Novemba mvua inaanza, mbao zinavuta unyevu na kuvimba kidogo, ufa unajifunga nusu, mwenye nyumba anashukuru na kupaka rangi. Mwaka unaofuata unafunguka tena mahali pale pale.

Anayelipa ni nani

Mazungumzo yanayofuata yanajulikana na kila aliyewahi kujenga.

“Fundi, mbona nyumba yote nyufa?”

“Bosi, nyumba inajipanga. Ikitulia nakuja napiga puti.”

“Basi na hela iliyobaki utaikuta ikishatulia.”

Kila mmoja anaona ametendewa vibaya, na kila mmoja ana sababu. Mwenye nyumba amelipia kitu kilichopasuka. Fundi amefanya kazi yake kama alivyofundishwa, na fedha iliyozuiliwa ndiyo ilikuwa faida yake, maana malipo ya mwanzo yaliishia kwenye vifaa, nauli na chakula cha vijana. Muuza mikanda naye husikia jina lake likichafuliwa mtaani kwa mkanda ambao haukuwa na kosa lolote. Aliye salama ni mmoja tu, muuza mbao, ambaye aliuza maji kwa bei ya mbao na hakuna anayemkumbuka.

Hasara hii haiandikwi mahali popote, kwa hiyo wengi wanaidharau. Lakini mwenye nyumba ya kulala wageni anayefunga vyumba viwili kwa wiki moja ili pembe zipigwe puti upya na kupakwa rangi anaijua vizuri. Fundi kijana aliyepoteza malipo ya mwisho ya nyumba mbili mfululizo anaijua vizuri zaidi, na huyo ndiye anayeacha kazi na kwenda kuendesha bodaboda, mji ukabaki na mafundi waliojifunza wiki iliyopita.

Hesabu ndogo inasaidia. Chumba cha mita 4 kwa 3 kina mzunguko wa mita 14. Mkanda ukiwa wa mita 2, ni mikanda 7, na mnunuzi mwangalifu huchukua 8 kwa sababu ya kukata kona. Nyumba yenye vyumba vitatu vya namna hiyo na sebule ya mita 5 kwa 4 inahitaji mita 60, bila kuhesabu korido na jiko. Mita 60 za mkanda zina kingo mbili, ya juu na ya chini. Hivyo katika nyumba moja ya kawaida kuna mita 120 za ufa unaosubiri sababu ya kufunguka. Wanaouza mikanda wanaziona zile 60, na hizi 120 hazina muuzaji.

Banda badala ya kalibu

Mwenye mtaji mdogo anayetaka kuingia katika biashara hii asinunue kalibu ya nne. Ajenge banda la kukaushia mbao.

Banda lenyewe ni nguzo na bati, pande zote wazi, mbao zikiwa zimeinuliwa futi moja na nusu kutoka chini na kupangwa kwa safu, kila safu ikitenganishwa na inayofuata kwa vijiti ili hewa ipite. Kiangazi cha Songea, chenye ubaridi na upepo wa Juni na Julai kisha joto la Septemba, ni mashine ya kukaushia isiyohitaji umeme. Mbao za 2 kwa 2 zilizopangwa vizuri huhitaji miezi 2 hadi 3. Kipimo chake hakihitaji chombo cha gharama: kipande cha futi moja kikatwe katikati ya ubao, kiwekwe humo humo bandani na kipimwe kwenye mizani ya duka kila Jumamosi. Wiki zitakapofuatana bila uzito kupungua, mbao ziko tayari kuuzwa.

Gharama ya biashara hii si banda. Ni fedha zilizolala miezi mitatu, na pia zile mbao zitakazopinda wakati wa kukauka, ambazo zitauzwa kwa bei ya chini kwa kazi nyingine. Hilo lisifichwe. Mkopeshaji huelewa haraka mtu anayeomba fedha za kununua kalibu. Anayeomba fedha za kununua mbao na kuziangalia zikikauka inabidi aeleze mara mbili. Ndiyo maana hakuna msongamano kwenye mlango huo, na ndiyo maana unafaa.

Wapo watakaosema kwamba mlaji wa Songea huangalia bei tu na hatalipa zaidi kwa ubao kwa sababu umeitwa mkavu. Ni kweli kwa ubao ukiuzwa peke yake. Mbao mbichi na kavu zikisimamishwa pamoja sokoni zinafanana, na neno la muuzaji halitoshi. Lakini mbao, mkanda na kazi vikiuzwa pamoja, kwa mita iliyokwisha kufungwa, na karatasi ikaandikwa kwamba fundi atarudi mwishoni mwa Oktoba kukagua kingo zote bila malipo, mnunuzi halipii tena neno. Analipia ahadi yenye tarehe. Katika mikataba ya ujenzi wa majengo makubwa jambo hili ni la kawaida: sehemu ya malipo huzuiliwa kwa kipindi cha kuangalia kasoro, na kiasi chake huandikwa tangu mwanzo. Tofauti iliyopo mtaani ni kwamba fedha huzuiliwa kwa hasira, bila kiasi na bila tarehe. Ikiandikwa, fundi anajua anachosubiri na mwenye nyumba anajua anachodai.

Aidha, ziko bidhaa ndogo ambazo maduka ya vifaa vya ujenzi yanazidharau. Kingo ya chini ya mkanda, inayogusa ukuta, haifai kujazwa kitu kigumu peke yake hata kama mbao ni kavu, kwa sababu paa la bati husogea kila siku kwa joto na baridi. Hapo hupitishwa mstari wa akriliki ya bomba, ambayo hubaki na mvuto kama mpira na inapokea rangi. Silikoni ya kawaida haifai, kwa sababu rangi ya maji haishiki juu yake, na mstari wake utaonekana daima kama njia ya konokono. Bomba moja la mililita 300 likitolewa uzi wa milimita 5 kwa 5 hufika mita 12. Nyumba ile ya mita 60 inahitaji mabomba 5. Muuza mikanda anayemkabidhi mteja mikanda yake bila mabomba 5 na bila utepe wa nyuzi amemwachia duka la jirani faida ambayo ilikuwa tayari mkononi mwake, kama duka la jirani lina akili ya kuweka bidhaa hizo.

Chuma na plastiki

Mtu hawezi kuzungumzia dari leo bila kutaja washindani wawili. Wa kwanza ni chaneli za bati jepesi zinazochukua nafasi ya blandaringi. Hizi hazisinyai, haziliwi na mchwa na zinanyooka bila ugomvi. Tatizo lake ni bei, pamoja na ukweli kwamba huning'inizwa kwenye kenchi ambazo bado ni za mbao mbichi zile zile. Zinapunguza ufa bila kuufuta. Kwa ofisi na hoteli zina haki yake. Kwa nyumba ya mwalimu anayejenga kwa awamu, ubao mkavu bado utakuwa nafuu.

Wa pili ni dari za plastiki, maarufu kama PVC, ambazo huja na kona zake za plastiki na hazijui puti ni kitu gani. Zinafungwa kwa siku moja, hazipasuki, zinafutwa kwa kitambaa. Hazina ua la mkono wa mtu, na chini ya bati lenye joto mbao zake nyembamba zinaweza kulegea zikifungwa kwa umbali mkubwa, lakini hoja hizo hazimzuii mtu aliyechoshwa na nyufa. Jikoni, bafuni na barazani plastiki inastahili kuchukua soko, na muuza jipsamu asipoteze nguvu kulilinda. Sebule na vyumba vya kulala ni jambo jingine. Huko mteja bado anapenda mkanda wenye ua, bado anaita ndugu zake waje kuutazama, na akiukimbia atakuwa amefukuzwa na ufa.

Kwa upande wa mafundi, VETA ipo Songea na SIDO ipo Songea. Mafunzo ya wiki moja juu ya kujaza mapengo, yakiandaliwa na wauzaji wenyewe kwa kuchangiana poda na mikanda iliyovunjika, yangewagharimu kidogo kuliko wanachopoteza kwa kurudi kwenye nyumba ambazo walikwisha kuondoka. Hata msasa una namna yake ya kushikwa. Wapo wanaosugua mkanda hadi ua linabaki kivuli.

Kinachobaki ni kalenda. Mahindi ya Ruvuma huanza kugeuka fedha kuanzia Juni na Julai. Kahawa ya Mbinga huvunwa katika kiangazi hicho hicho, na minada ya korosho ya Tunduru hufuata kuanzia Oktoba. Mbao zitakazopangwa bandani wiki ya kwanza ya Juni zitakuwa tayari mwishoni mwa Agosti au Septemba, wakati wenye nyumba wana fedha mkononi na bado wana wiki kadhaa kabla ya mvua. Zitakazonunuliwa mbichi siku hiyo hiyo ya mwezi Juni na kupigiliwa kesho yake zitakuwa, kufikia Septemba, zimekwisha kufungua kingo zake, na fundi wake atakuwa anapigiwa simu asizozipokea.